Je, ni haki kuacha ajira yenye mshahara mzuri kwa sababu haina shughuli ya kutosha?

Hoja ninayoileta inamhusu mtu mwenye ajira ya kudumu, mshahara unaoingia kwa wakati na msimamizi asiyemsumbua, ambaye majukumu yake ya siku nzima humalizika asubuhi na mapema, na saa zote zinazobaki huzitumia kujifanya ana shughuli. Akisema anataka kuondoka, wengi humwambia kwamba anaikufuru neema, kwa kuwa wapo wanaozunguka na vyeti vyao bila kupata hata kibarua. Mimi nashikilia kwamba ana haki ya kuondoka, na kwamba akichelewa sana kuamua, uwezo wenyewe wa kuondoka utakuwa umemtoka.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek wa Marekani alizipima kazi kwa mambo mawili: kiasi cha juhudi ambacho kazi inamdai mfanyakazi, na uhuru alionao mfanyakazi wa kuamua namna ya kuifanya. Kazi inayodai kidogo na kuruhusu uamuzi mdogo aliitenga katika kundi lake, akieleza kwamba ndani yake ujuzi wa mtu hufifia polepole pamoja na hamu yake ya kujaribu mambo mapya. Katika takwimu za wafanyakazi wa Sweden alizozichambua, hali hiyo ilionekana hata nje ya kazi, kwani watu wa kundi hilo walishiriki kidogo zaidi katika shughuli za kijamii na za kisiasa. Kwa hiyo anayedhani kwamba nguvu asizozitumia ofisini zitamsubiri nyumbani jioni anajidanganya.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema: baki, pokea mshahara, na muda huo utumie kujisomea. Naliheshimu, na kwa mtu aliyeruhusiwa waziwazi kusoma mezani pake huenda ndilo jibu sahihi. Lakini wengi hawana ruhusa hiyo; wanatakiwa kuonekana wanafanya kazi, na kujificha kwa saa nyingi kunachosha kuliko kazi yenyewe. Tena, muda mtupu haugeuki kuwa muda wa kusoma kwa sababu tu upo. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, Austria, kilipofungwa, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1933 walikuta kwamba wakazi, ingawa sasa walikuwa na siku nzima mikononi, waliazima vitabu vichache maktabani kuliko walipokuwa wakifanya kazi.

Hata hivyo, ni lazima nikiri kwamba mfano huo unakata pande zote mbili, kwa kuwa watu wa Marienthal hawakuwa na ajira kabisa. Anayeandika barua ya kuacha kazi kabla hajapata mahali pengine anajisogeza kwenye hali hiyohiyo, na mwenye wategemezi au mkopo hana nafasi ya kufanya jaribio la namna hiyo. Aondoke, ndiyo, lakini mkataba mpya ukiwa umeshatiwa saini.

Kabla ya hapo aombe majukumu, na aombe kwa maandishi. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kumweka bure: mradi alioajiriwa kwa ajili yake umekwisha, programu ya kompyuta imechukua sehemu ya kazi yake, au mkuu wa idara anaogopa kupunguziwa watu. Mahali pengine huwa ni adhabu ya makusudi. Tarehe 2 Juni 2020 mahakama ya rufaa ya Paris ilikubali kwamba kumwacha mwajiriwa bila kazi yenye maana kulikuwa sehemu ya unyanyasaji aliotendewa na mwajiri wake. Barua ya kuomba kazi, pamoja na jibu lake au ukimya uliofuata, itamsaidia kujua yuko katika hali ipi kati ya hizo, na akipewa majukumu ya kweli sioni sababu ya kuhama.

Wanaoamini kwamba mshahara peke yake unatosha, naomba wanijibu hili: idara isiyo na shughuli ikivunjwa, na mtu huyu akalazimika kuomba kazi kwingine baada ya miaka 10 ya kukaa hivyo, atamweleza mwajiri mpya kwamba anaweza kufanya nini?