Ndago chungu na ndago tamu: tupeane uzoefu

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwa ndago, shambani na jikoni, kwa kuwa wengi huzihesabu zote kuwa kitu kimoja ilhali ziko mbili zenye tabia mbalimbali. Zote mbili zina shina la pembe tatu, na ukilipitisha baina ya vidole utajua papo hapo kwamba hilo si jani la kawaida. Lakini ndago chungu, ambayo wataalamu huiita Cyperus rotundus, hutoa suke la hudhurungi lenye wekundu, na viazi vyake vyeusi hufuatana chini ya ardhi kama tasbihi. Ndago tamu, yaani Cyperus esculentus, ina suke la rangi ya manjano, na kila kiazi hukaa peke yake penye ncha ya mzizi. Mimi nalima Cheju, na ninayoijua zaidi ni ile chungu.

Mchangiaji wa Mwera:
Wa alaykumu salaam. Mwaka 1977 wataalamu wa magugu waliiweka ndago chungu ya kwanza miongoni mwa magugu mabaya kabisa duniani, na mimi niliyeipokea ndani ya samadi ya kununua sina la kubisha. Jembe haliimalizi, bali huikata ile mizizi inayounganisha viazi, na kila kiazi kilichotengwa na wenzake huchipua kivyake. Nilichokiona kinasaidia ni kulifukua tuta kwa uma wakati wa kaskazi, nikaviacha viazi juani hadi vikauke kabisa, kisha mvua za masika zikianza nikapanda viazi vitamu vinavyotambaa, maana ndago haihimili kivuli. Haikuisha, lakini sasa palizi ni kazi ya asubuhi moja.

Mchangiaji wa Wete:
Kwetu Pemba ndago tamu ilikuwa ya watoto. Tulikuwa tukizichimba pembeni mwa bonde la mpunga baada ya mavuno, tukazisugua kwa mchanga na kuzitafuna mbichi, au tukazifukia katika jivu la moto hadi ganda likakauka na utamu ukazidi. Marehemu bibi, akisimulia njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitaja zaidi ndiga, yaani viazi vya mwituni, ambazo zilibidi zikatwe na kurowekwa ili sumu itoke; ndago, kwa maneno yake, hazikuwa chakula cha kuweka sufuria, kwani udogo wake humchosha mchimbaji kabla hajashiba. Naona alisema kweli.

Mchangiaji wa Chake Chake:
Je, zile mbegu za juu, kwenye suke, zinaliwa? Wanangu wameniuliza na sikuwa na jibu.

Mwanzisha mada:
Kwa ndago hizi mbili, mbegu ni ndogo mno, na faida yote iko chini ya ardhi. Hata ndago chungu huenea kwa viazi, kwani mbegu zake huota kwa nadra.

Mchangiaji wa Mkoani:
Niongeze la jikoni. Ndago tamu imelimwa tangu zamani. Imekutwa katika makaburi ya kale ya Misri, na huko Valencia, Uhispania, hutengenezwa kinywaji cheupe kinachouzwa mitaani wakati wa joto. Nilikijaribu nyumbani kwa kuziroweka usiku kucha, kuzitwanga, kuzikamua kwa kitambaa kama tunavyokamua tui, kisha nikatia sukari na iliki. Kilipendwa na mzee wangu kuliko mimi, maana kwa ladha yangu kina harufu ya udongo isipokuwa ndago zimeoshwa kwa maji mengi. Anayetaka kukitengeneza asikichemshe, kwani wanga wake huganda kikawa uji, na akinywe siku hiyohiyo, kwa sababu nje ya jokofu huchachuka upesi.