Wageni wa Diani kuvukia Horohoro kuja Tanga: masharti ya mpaka yanatukimbizia watalii kweli?

Barabara_ya_Nane anauliza:

Wakuu, hamjambo. Napanga kifurushi cha siku tatu kwa wageni waliofikia hoteli za Diani, upande wa Kenya. Wavuke mpaka wa Horohoro asubuhi, mchana mapango ya Amboni, walale Tanga mjini. Kesho yake Pangani na ufukwe wa Ushongo, siku ya tatu wanarudi. Barabara ni lami. Diani iko kusini ya Likoni, kwa hiyo foleni ya kivuko cha Mombasa haiwahusu: hadi Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, ni kama kilomita 70, na Horohoro hadi Tanga mjini ni kama 65. Bei niliyoweka ni dola 210 kwa kichwa, malazi, chakula na gari humo humo.

Mawakala wa kule wanaipenda, ila mazungumzo yakifika kwenye viza wanapoa. Naomba wajuzi mnisaidie. Mgeni analipia nini na nini hadi akanyage Tanga? Nini hasa humkwamisha dirishani? Na la tatu, la ubishi kidogo: masharti ya mpaka yanafukuza watalii kweli au ni kisingizio tu? Mbona Marekani inabana kila uchao na watu bado wamejipanga ubalozini?

Dirisha_la_Pili:

Ndugu yangu, anza na hesabu kabla ya ubishi.

Mjerumani, Mwitaliano au Mwingereza analipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya kuingia mara moja. Mwenye pasipoti ya Marekani hana uchaguzi huo: yake ni dola 100, ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka, hata kama anakuja kula pweza Pangani na kuondoka kesho. Watoto nao kila mmoja na viza yake. Sasa pandisha dola 50 juu ya 210 zako, ni karibu robo ya kifurushi. Kwa Mmarekani ni karibu nusu. Mgeni wa Serengeti aliyelipa dola 2,500 kwa safari yake, hizo 50 ni asilimia 2, hata hazioni. Ada ni ile ile, ila wa siku tatu inamuuma na wa wiki mbili haimgusi. Wewe unauza ya siku tatu.

Halafu jihadhari na ile viza ya pamoja ya dola 100. Inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Mgeni anaposikia Afrika Mashariki anadhani na sisi tumo, anafika Horohoro kifua mbele.

Viza aiombe mtandaoni, tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, ile ambayo anwani yake inaishia na go.tz. Akitafuta ovyo ataangukia tovuti za mawakala zilizopambwa bendera na nembo, zinamtoza zaidi kwa fomu ile ile. Aandae picha ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zake, picha yake ya pasipoti, tiketi ya kurudi, na pasipoti iwe na miezi sita mbele. Majibu yanaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi, kwa hiyo mwambie aombe angali kwao, si akiwa kwenye kiti cha ufukweni Diani. Makosa yanayorudisha maombi ni madogo madogo: jina la kati limeachwa, jina la ukoo limeingia sehemu ya jina la kwanza, tarakimu 0 imeandikwa kama herufi O, picha ina kivuli. Ada iliyolipwa hairudi.

Wapo pia wa mataifa ambayo viza yao lazima ipelekwe makao makuu kuidhinishwa kwanza, mfano Somalia na Afghanistan. Hao usiwauzie safari ya keshokutwa.

Ila nikwambie kinachovunja safari kuliko viza: kadi ya njano. Mtu anayetoka Kenya anahesabiwa ametoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, haidhuru alizaliwa Munich na amekaa Diani siku tano tu. Anatakiwa cheti cha chanjo kuanzia umri wa mwaka mmoja. Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Mgeni wa wiki moja Diani akigundua Jumatatu kwamba hana, hata akidungwa siku hiyo hiyo likizo itaisha kabla ya cheti kuanza kazi. Pesa ya viza unaweza kumkopesha, siku 10 huwezi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wana lao: chanjo hii madaktari huwapa kwa tahadhari, wengine hawapewi kabisa. Hao waje na barua ya daktari ya kusamehewa chanjo, yenye muhuri na saini, iwe ya Kiingereza. Barua ya Kijerumani pale dawati la afya itakuwa mapambo.

Jambo jema: tangu Julai 2016 cheti hakiishi muda. Chenye tarehe ya zamani bado ni halali, mgeni asitishwe na mtu anayemwambia miaka 10 imepita.

Chongoleani_Kwetu:

Hapo kwenye kadi umenena. Niongeze ya pale kituoni penyewe, maana watu wanapakumbuka kwa sura ya zamani.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Anayekuja Tanzania hasimami upande wa Kenya, anapita hadi Horohoro, na humo ndani anakuta maofisa wa nchi zote mbili. Kosa la kawaida: mgeni anaona bendera ya Tanzania, anakwenda moja kwa moja dirisha la Tanzania, anasahau kugongewa muhuri wa kutoka Kenya. Akirudishwa nyuma dakika 20 zimeondoka. Mfundishe aone dawati la afya, kisha muhuri wa kutoka, kisha wa kuingia, mwisho forodha na mizigo. Na asome tarehe ya muhuri kabla hajaondoka dirishani, maana kukosea siku ni rahisi na kurekebisha ukiwa Ushongo ni shida.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019, Kenya tangu 2017. Vile vifuko vya zipu vya sabuni na dawa ya meno havina neno, abaki navyo tu. Mfuko wa duka ndio unaonyang'anywa.

Gari: usiwalete kwa basi la abiria. Wageni wanne wanaoshughulikia viza pale pale wanaweza kula saa nzima, na kondakta ana abiria 40 wanaotaka kufika Dar. Gari la Kenya likishusha Horohoro, lako lenye namba za Tanzania liwe limeshaegeshwa. Kama gari la Kenya litavuka, dereva awe na kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda na bima ya kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Ndiyo, nayo inaitwa kadi ya njano. Kuna madereva wanaulizwa kadi ya njano wanatoa ya gari, wakiulizwa tena wanatoa ya gari tena.

Muongozaji wa Diani naye asivuke akafanya kazi huku. Amri ya Julai 2025 imeweka kuongoza watalii kati ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi. Chukua kijana wa Tanga.

Mwana_wa_Mkinga:

Mimi nakataa hoja ya viza. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje 1,527,230. Mwaka 2024 ni 2,141,895. Bei ya viza ni ile ile, kadi ni ile ile. Wageni wameongezeka zaidi ya laki sita. Sasa masharti yamefukuza nani? Tanga haijitangazi, basi. Tumezoea kuitwa mji wa waja leo waondoka leo tukaona ni sifa.

Dirisha_la_Pili:

Mkuu, hizo namba ni za nchi nzima, wengi wanashukia Unguja na KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), safari ndefu. Kwao 50 ni chenji. Hazikwambii lolote kuhusu mtu anayeamua mezani Diani, akinywa chai, kama kesho avuke au aende hifadhi ya Shimba Hills, huko huko Kenya, bila kuonyesha pasipoti kwa mtu. Huyo ndiye anayehesabu. Kuhusu kujitangaza sina ubishi.

Mzee_wa_Raskazone:

Vijana, swali la tatu limeachwa njiani. Ngoja nilijibu kwa mfano wa kwetu kwanza, kisha Marekani.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Ulikaa umefungwa hadi 1983. Wakati ule mtalii wa Serengeti alikuwa anashukia Nairobi, anazunguka kwa gari la Kenya na kurudi Nairobi. Hoja ya kufunga ilikuwa na mantiki: ashukie moja kwa moja kwetu, uwanja wa Kilimanjaro ulikuwepo tangu 1971. Kilichotokea ni kwamba mtalii hakubadilisha uwanja, alibadilisha nchi. Alibaki Kenya, akaona simba wake Maasai Mara. Njia ya Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, imebaki imefungwa kwa watalii hata baada ya mipaka mingine kufunguliwa, na hoteli ya Lobo iliyojengwa kaskazini kwa kutegemea njia ile ikajikuta iko mwisho wa barabara. Sharti la mpaka linauma zaidi pale ambapo jirani anauza kitu kinachofanana na chako. Diani ina bahari. Ushongo ina bahari. Mnanielewa.

Marekani sasa. Tenganisha mafungu mawili. Mwingereza au Mjerumani haombi viza, anaomba kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA. Kilianza kuwa lazima Januari 2009 bila malipo. Mwaka 2010 kikawekewa dola 14, mwaka 2022 zikawa 21, na 30 Septemba 2025 zikafika dola 40. Zile 14 za mwanzo, 10 zilikuwa za kutangaza utalii wa nchi yao. Yaani unamtoza mgeni mlangoni ili upate pesa ya kumwita mgeni mwingine. Kwa safari ya Florida ya wiki mbili, dola 40 hivi hazimzuii mtu.

Fungu la pili ni sisi na wenzetu: dola 185 za maombi tangu Juni 2023, mahojiano ana kwa ana, pesa hairudi ukikataliwa. Mwaka 2025, kuanzia 23 Oktoba, ofisa aliweza kumdai Mtanzania dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, ya kurudishiwa akitoka kwa wakati. Wanaojipanga ubalozini unaowaona, wengi wana ndugu kule, shule au biashara. Hao hawana nchi mbadala, watavumilia. Mtalii wa raha anazo mbadala kumi. Mwenye uwezo wa kupeleka watoto kutembea Orlando, akiambiwa aweke milioni kadhaa rehani, anakata tiketi ya Dubai jioni ile ile. Hatalalamika popote, kwa hiyo humsikii.

Na ona kitu kingine: mwaka 2024 Marekani ilipokea wageni wa nje kama milioni 72, wakati 2019 walikuwa kama milioni 79. Sababu ni nyingi, dola ghali nayo imo, sitabandika yote kwenye viza. Lakini muda wa kusubiri mahojiano katika baadhi ya balozi zao ulipita mwaka mzima baada ya korona. Mtu hapangi likizo ya Agosti kwa mahojiano ya Agosti ya mwaka ujao.

Kwa hiyo kijana wangu wa Barabara ya Nane, kwako ada ni kidogo kuliko mashaka. Mgeni anayejua akiwa kwao kwamba Tanga ni dola 50 na kadi ya njano, anakata shauri mapema. Anayeambiwa siku mbili kabla, tena na mhudumu wa hoteli asiye na hakika, anasema tutakuja mwakani.

Barabara_ya_Nane:

Shikamoo mzee. Nimeelewa: niuze wanapoweka nafasi ya hoteli, si wakiwa wameshafika. Siku tatu nazigeuza tano, naongeza msitu wa Amani, ili viza ipungue uzito. Mawili yamebaki: kurudi kwao Kenya, na wanaotaka kuendelea Pemba kwa meli.

Chongoleani_Kwetu:

Kurudi Kenya: wanaingia kwa kibali chao cha mtandaoni, kile cha tangu Januari 2024 walipofuta viza. Kila mgeni asome masharti ya kuingia tena yaliyoandikwa kwenye kibali chake kabla hajavuka Horohoro, na akihitaji kingine aombe akiwa bado Diani, maana wanataka siku tatu hivi kabla ya safari. Hili liweke kwenye karatasi ya maelekezo, mstari wa kwanza.

Pemba: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni asiye mkaazi anatakiwa bima ya Zanzibar, mtu mzima dola 44, inanunuliwa mtandaoni kwa Shirika la Bima la Zanzibar. Bima aliyokuja nayo kutoka kwao haichukui nafasi yake, hata iwe nono vipi. Kwa hiyo wa Pemba ana 50 na 44, jumla 94, kabla ya tiketi ya meli. Bei yako iandike hivyo hivyo, 94 ionekane peke yake chini ya bei ya kifurushi, usiifiche ndani.

Na usiwasahau Wakenya wenyewe. Viza hawalipi, wanataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria tu, kitambulisho peke yake hakitoshi kwetu. Kadi ya njano nao wanaulizwa. Familia ya Mombasa ya watu watano kwa wikiendi ni vyumba viwili Pangani, na hakuna aliyeomba chochote mtandaoni.

Mwana_wa_Mkinga:

Hapo sawa. Ila dereva wako afike Horohoro saa moja asubuhi. Saa nne mabasi ya Mombasa yakishaanza kushusha watu, hiyo foleni haijali kama viza umelipia kwenu.