Je, kuna wakulima wa "ubongo wa kushoto" na wa "ubongo wa kulia"?

Afisa_Ugani_Molo aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni afisa wa ugani katika eneo la Molo, Kaunti ya Nakuru, na kazi yangu kubwa msimu huu ni kuwashawishi wakulima wa viazi waache kupanda mbegu waliyoitoa katika mashamba yenye mnyauko bakteria. Kazi hii ni ngumu, kwa sababu mbegu safi ni ghali na ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kunyunyizia. Bakteria wakishaingia udongoni hukaa humo muda mrefu, na kinga iliyopo ni mbegu safi pamoja na kubadilisha mazao, yaani kupanda mahindi au ngano mahali palipokuwa na viazi au nyanya.

Hivi majuzi tulipewa mafunzo ya mawasiliano mjini Nakuru. Mkufunzi alitujazisha hojaji, kisha akatugawa makundi mawili: wanaotawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo na wanaotawaliwa na upande wa kulia. Alisema wa kwanza hushawishiwa kwa takwimu na wa pili kwa hadithi, kwamba tuwatenge wakulima vivyo hivyo kabla ya mikutano, na kwamba ukitaka kugusa hisia za mtu ukae kushoto kwake ili maneno yako yaingie moja kwa moja katika ubongo wa kulia. Wenzangu wengi walifurahi. Mimi sikuridhika, lakini elimu ya ubongo sikuisomea. Naomba mwenye ujuzi anieleze pande hizi mbili zinafanya kazi gani hasa, na kama zina uzito wowote katika namna mtu anavyoona jambo, anavyolipima na anavyokubali kubadili msimamo wake.

Tiba_ya_Viungo_Kisumu alijibu:

Afisa, asante kwa kuuliza kabla ya kuwagawa watu. Natoa tiba ya viungo hapa Kisumu, na wengi ninaowahudumia wamepata kiharusi, kwa hiyo nitaeleza yale ninayoyaona kazini na kuwaachia wengine nadharia.

Mtu akijeruhiwa upande wa kulia wa ubongo, hasa sehemu ya nyuma juu, anaweza kupoteza habari za upande wake wa kushoto. Nimemshuhudia mzee aliyekula ugali na samaki wa nusu ya kulia ya sahani, akasukuma sahani na kulalamika kwamba amepunjwa. Binti yake alipoizungusha ile sahani, mzee akanawa tena na kuendelea kula kama mtu aliyeongezewa. Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni ule uangalifu unaokifanya kitu kilicho mbele ya macho kiwepo kwa mwenye kutazama. Mzee huyohuyo, nilipomwomba ainue mkono wa kushoto ambao ulikuwa umepooza kabisa, alinijibu kwa upole kwamba mkono hauna shida, ila leo amechoka. Hakuwa akidanganya. Hali hii ya mgonjwa kutoujua ugonjwa wake ilipewa jina la kitabibu na daktari Joseph Babinski huko Ufaransa mwaka 1914, na hadi leo hutupa kazi, kwa kuwa mtu asiyeamini kwamba amepooza hana sababu ya kufanya mazoezi.

Jeraha la upande wa kushoto lina sura nyingine. Hapo mara nyingi ni lugha inayopotea, jambo ambalo Paul Broca alilionyesha mjini Paris mwaka 1861 kupitia mgonjwa aliyeweza kutamka silabi "tan" na machache mengine tu. Mama asiyeweza kutaja jina la kijiko ulichomshikisha huweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, na ukimsemesha kwa hasira atajua umekasirika hata kama maneno hayajamwingia. Baadhi ya waliojeruhiwa upande wa kulia huwa kinyume chake: maneno yote wanayaelewa, lakini hawatambui kama msemaji anatania au anafoka, na sauti zao wenyewe hukosa mawimbi.

Kwa hiyo tofauti za pande hizi ni za kweli, nami nakutana nazo karibu kila wiki. Hata hivyo, ni tofauti za kazi ndani ya kichwa kimoja. Hao wote, hadi siku walipougua, walikuwa wakitumia pande zote mbili kwa pamoja, na sijaona namna yoyote ya kuwatambua wazima kwa hojaji.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega alijibu:

Nilifundisha saikolojia katika vyuo vya ualimu kwa muda mrefu, na fundisho hili la watu wa kushoto na watu wa kulia lilinikera tangu wakati huo, kwa sababu niliwaona walimu wakilitumia kumwambia mtoto wa watu kwamba hesabu si fungu lake.

Asili yake ni utafiti mzuri uliokuja kutiwa chumvi. Mwaka 1962, Los Angeles, madaktari wa upasuaji Philip Vogel na Joseph Bogen walimkatia mgonjwa wa kifafa kikali lile daraja la nyuzi za neva linalounganisha pande mbili za ubongo, daraja lenye nyuzi takriban milioni 200, ili mshtuko wa kifafa usivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga ndio waliowachunguza wagonjwa wa aina hiyo, na Sperry alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1981. Waligundua kwamba picha ikimulikwa kushoto kwa nukta ambayo mgonjwa ameikazia macho, huenda katika upande wa kulia wa ubongo peke yake. Mgonjwa atasema hajaona kitu, ilhali mkono wake wa kushoto unaweza kukichagua kitu kilekile kwa kupapasa.

Jaribio linalokuhusu wewe, Afisa, ni lile ambalo Gazzaniga na Joseph LeDoux walimfanyia kijana anayejulikana kwa herufi P.S. miaka ya 1970. Upande wake wa kushoto wa ubongo ulionyeshwa mguu wa kuku, na upande wa kulia ukaonyeshwa mandhari ya theluji. Alipotakiwa kuchagua picha zinazolandana na alichokiona, mkono wa kulia ulionyesha kuku na mkono wa kushoto ukaonyesha beleshi, kwa kuwa kwao theluji huzolewa kwa beleshi. Wakamuuliza sababu. Upande unaozungumza, yaani wa kushoto, haukuwa na habari yoyote ya theluji. Badala ya kukiri kwamba haujui, ulijibu papo hapo kwamba mguu ni wa kuku, na beleshi linahitajika kusafishia banda la kuku. Gazzaniga aliuita uwezo huu mfasiri: sehemu ya ubongo wa kushoto inayopokea matendo yetu yakiwa yamekwisha tendeka na kuyatafutia maelezo yanayoshikamana. Mzee wa Kisumu aliyesema amechoka naye alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo.

Sasa kuhusu mkufunzi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za bongo za watu 1,011 wenye umri wa miaka 7 hadi 29. Walikuta kazi fulani zikielemea upande fulani, lugha kushoto na uangalifu kulia, lakini hawakukuta watu ambao ubongo wao mzima unaelemea upande mmoja. Pia si kweli kwamba takwimu zina upande wake na hadithi upande wake. Kukadiria wingi hutumia sehemu za pande zote mbili, na hadithi haieleweki bila sarufi, inayotegemea zaidi upande wa kushoto, pamoja na mdundo wa sauti na maana ya jumla, ambamo upande wa kulia una mchango mkubwa.

Na hilo la kukaa kushoto kwa mtu halina msingi kabisa. Kila jicho hupeleka habari pande zote mbili, kila sikio vilevile, na kwa mtu ambaye daraja lake halijakatwa, kinachofika upande mmoja hufika wa pili kabla hujamaliza kutamka neno. Kaa mahali ambapo mkulima anakuona na kukusikia vizuri.

Afisa_Ugani_Molo alijibu:

Nawashukuru nyote wawili. Habari za P.S. zimenigusa mahali ninapofanyia kazi. Huwa nawauliza wakulima kwa nini hawanunui mbegu safi, na hunijibu bila kusita: bei, umbali, mvua. Kisha bei ikipunguzwa, wengi hubaki palepale na kuleta sababu nyingine iliyo nzuri kama ya kwanza.

Njia moja imenisaidia kuliko maneno. Nakata shina la kiazi kilichonyauka, karibu na ardhi, nalishikilia katika gilasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka kutoka kwenye ncha iliyokatwa. Hao ndio bakteria wenyewe. Mkulima aliyekuwa akisema ni ukame hunyamaza, huinama, na mara nyingi huomba alikate shina jingine kwa mkono wake. Je, hapa ninazungumza na upande gani?

Wakili_Bungoma alijibu:

Afisa, mimi ni wakili, na kushawishi ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo naomba nichangie kwanza kuhusu "kwa nini", kisha nimpinge Mwalimu kidogo.

Mahakamani shahidi akiulizwa aliona nini na akafanya nini, majibu yake yanaweza kupimwa kwa ushahidi mwingine. Akiulizwa kwa nini alifanya, hutunga hoja, na baada ya kuisema mbele ya watu huanza kuitetea. Petter Johansson na Lars Hall wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walilithibitisha jambo hili kwa watu wazima wa afya mwaka 2005. Waliwaonyesha picha mbili za nyuso, wakawaomba wachague iliyowapendeza zaidi, kisha kwa kiinimacho wakawakabidhi ile waliyoikataa na kuwauliza sababu ya kuichagua. Mara nyingi mabadiliko hayo hayakugunduliwa, na watu walieleza sifa za uso ambao hawakuuchagua. Kwa hiyo, Afisa, ukimuuliza mkulima kwa nini hanunui, unamsaidia kujijengea ukuta. Muulize alichopanda na kilichoota.

Kuhusu kupima makosa, wanasheria wenzangu watavutiwa na utafiti wa Liane Young na wenzake huko Massachusetts mwaka 2010. Walitumia sumaku kuvuruga kwa muda eneo dogo la ubongo lililo juu na nyuma ya sikio la kulia, na waliofanyiwa hivyo wakapunguza uzito wa nia katika hukumu zao. Yule aliyekusudia kumdhuru mwenzake akashindwa alionekana kwao kuwa na kosa dogo kuliko kawaida. Sheria yetu ya jinai imesimama juu ya nia, na inanifikirisha sana kwamba kuipima nia kunategemea sehemu inayoweza kuvurugwa hivyo.

Hata hivyo, Mwalimu, sikubali kwamba sababu zote ni maelezo ya baadaye. Hakimu hulazimika kuandika sababu za hukumu yake, na nimewaona wakiahirisha hukumu kwa kuwa sababu zilikataa kuandikika. Kama sababu zingekuwa pambo tu, hilo lisingetokea, wala rufaa zisingekuwa na maana.

Mzazi_Nyamasaria alijibu:

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu anatumia mkono wa kushoto, na bibi yake anasisitiza ahamishiwe wa kulia. Je, lugha yake iko upande mwingine wa ubongo, na kumbadilisha kutamharibu?

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega alijibu:

Mama au Baba Nyamasaria, vipimo vya Theodore Rasmussen na Brenda Milner kule Montreal, vilivyochapishwa mwaka 1977, vilionyesha kwamba lugha hukaa kushoto kwa takriban asilimia 96 ya wanaotumia mkono wa kulia na asilimia 70 ya wanaotumia wa kushoto. Waliobaki huwa nayo kulia au pande zote mbili. Kwa hiyo huenda mwanao hana tofauti yoyote na wenzake katika hilo. Mwache aandike kwa mkono alioupenda, na bibi umweleze kwa heshima.

Afisa, gilasi yako inazungumza na pande zote mbili. Ninachokipenda katika njia hiyo ni kwamba mkulima hajatakiwa kukiri lolote mbele ya jirani zake. Ameona, na maelezo atakayojipa baadaye yatalazimika kuzizingatia zile nyuzi nyeupe. Kuhusu sababu unazompa wewe, kumbuka jaribio la Ellen Langer na wenzake la mwaka 1978. Watu waliopanga kutumia mashine ya kutoa nakala waliombwa na mtu awatangulie. Kwa ombi dogo, la kurasa 5, asilimia 60 walikubali bila kupewa sababu, 94 walipoambiwa ana haraka, na 93 walipopewa sababu tupu, kwamba anahitaji kutoa nakala. Kwa ombi kubwa, la kurasa 20, sababu tupu haikusaidia chochote, asilimia 24 kama kutokuwa na sababu, ilhali sababu ya kweli ilifikisha 42. Mbegu safi kwa mkulima mdogo ni ombi kubwa sana. Mweleze gharama yote, pamoja na msimu atakaoukosa viazi katika lile eneo lililougua, kwa kuwa akili yake itayapekua maneno yako.

Wakili, pingamizi lako nalikubali kwa sehemu. P.S. alitunga kwa sababu upasuaji ulimnyima habari, na wale wa Lund walikuwa wameangalia picha kwa muda mfupi tu. Mfasiri hujaza pengo pale habari inapokosekana. Inapokuwepo, ana kitu cha kukifasiri. Hakimu wako ana jalada mbele yake. Vivyo hivyo, mkulima ambaye ameandika daftarini magunia aliyovuna, mbegu ilitoka wapi, na pembe ipi ya shamba ilinyauka kwanza, ana sababu zinazoweza kukaguliwa na jirani anayemwamini. Afisa, kama wapo watatu au wanne wa namna hiyo Molo, wape wao nafasi ya kuzungumza mwanzo, daftari likiwa mkononi, kabla hujafungua kinywa wewe.