Tupeane uzoefu: gari linagonga miguuni, ulijuaje hasa ni kifaa gani?

Wakuu, nawasalimu. Nafungua mada hii kwa wale waliowahi kulala chini ya magari yao nyumbani wakitafuta mlio wa kugonga. Naomba kila mmoja aeleze si kifaa alichobadilisha tu, bali pia kipimo kilichomwonyesha kwamba ndicho chenyewe, kwa sababu mimi kukosa kipimo kumenila fedha.

Gari langu ni Toyota IST, na nikiacha lami nina kilomita mbili za mashimo na mawe hadi nyumbani. Lilianza kugonga mguu wa mbele kushoto, ko-ko-ko, kwenye vishimo vidogo tu. Nikipanda tuta kubwa lilikuwa kimya. Fundi aliikandamiza pembe ya mbele mara mbili, akasema shokapu zimekufa. Nilinunua mbili, zikafungwa, na jioni ileile mlio ukanipokea kwenye shimo la kwanza.

Ndipo nilipolifikiria lile tuta. Matairi mawili yakipanda kwa pamoja, chuma cha stabilaiza, kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, hakijipindi, kwa hiyo linki zake, yaani vijiti vinavyokishikisha kwenye miguu hiyo, hazipati kazi. Tairi moja likizama peke yake, linki huvutwa na kusukumwa, na kama kichwa chake kimelegea, hugonga. Jumamosi nilizitoa linki zote mbili, nikapita polepole kwenye mashimo yaleyale ya mtaani, na mlio haukusikika. Nilipoishika ya kushoto mkononi, kichwa chake kiliangukia upande kwa uzito wake chenyewe, ilhali cha kulia kilitaka nguvu ya vidole.

Kilichonitoa jasho ni nati, kwani ilizunguka pamoja na skrubu yake hadi nilipoingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 6 kwenye tundu la katikati na kuishikilia huku nikifungua kwa spana ya 17. Ni vyema kusugua kutu kwa brashi ya waya na kupaka mafuta usiku wa kuamkia kazi. Tena, ukiinua tairi moja tu kwa jeki, stabilaiza huibana linki, na linki mbovu hujifanya nzima. Ipimeni matairi yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu kwenye stendi, ile miguu ya chuma ya kubebea gari. Ninaposema stendi, ninamaanisha stendi, kwa sababu tofali hupasuka ghafla. Asiye nazo, tafadhali asiingie chini ya gari.

Mchangiaji kutoka Morogoro
Langu lilikuwa boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu tairi kukata kona. Nilikuwa natoka Iringa, na katika matuta ya Mikumi nikasikia mlio mmoja mzito kila nilipokunja usukani huku gari likishuka. Nyumbani niliinua mbele, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa: lilicheza. Nilimwomba mwanangu akanyage breki, nikatikisa tena, likacheza vilevile, nami nikaiondoa beringi ya tairi katika orodha, kwa kuwa beringi iliyolegea hutulia breki inaposhikwa. Kisha yeye akaweka mtaimbo chini ya tairi na kuinua kidogo kidogo, mimi nikiwa nimegusisha kidole penye kiungo, na nikahisi chuma kikipanda na kushuka ndani ya raba iliyochanika. Gari halikutoka tena uani mpaka boljointi mpya ilipofungwa, kwani ikichomoka njiani tairi hulala na usukani hauna kazi tena.

Mchangiaji kutoka Mombasa
Mimi nilibadilisha bushi (raba za maungio) za mkono wa chini, chuma kinachounganisha tairi na bodi, mara mbili ndani ya miezi michache, nikidhani nauziwa mali mbovu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nakaza bolti matairi yakiwa yananing'inia, na kwa kuwa raba ya bushi hizo imegandamana na vyuma vyake, gari liliposhushwa ilibaki imejipinda wakati wote, hata ikachanika. Sasa hukaza kwa mkono tu, nikashusha gari likae kwa uzito wake, nikalitikisa litulie, ndipo nikaze kabisa. Seti ya tatu imetimiza mwaka wa pili bila kugonga.

Mchangiaji kutoka Dodoma
Kabla ya kufungua chochote, toeni jeki na tairi la akiba kwenye buti, kisha mkapite kwenye shimo, maana huenda ndivyo vinavyogonga. Na mlio ukikoma mnapogusa breki kidogo, angalieni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na pedi zilizolegea.

Mchangiaji kutoka Tanga
Naomba msaada, mkuu. La kwangu hugonga hata likiwa limesimama, nikizungusha usukani tu. Je, ni linki?

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, anza na mauntingi ya juu ya shokapu, pale shokapu inaposhikwa kwenye bodi. Gari likiwa chini na limezimwa, mtu azungushe usukani huku wewe umeweka kiganja juu ya mauntingi, ndani ya boneti, vidole vikiwa mbali na springi. Springi ikikwama kisha ikaruka kwa kishindo, utaihisi kiganjani. Ila nakusihi, ile nati ya katikati usiilegeze nyumbani. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa bila kifaa cha kubania springi inaweza kuua. Kwa kazi hiyo, lipeleke kwa fundi mwenye kifaa hicho.