Kozi za bure mtandaoni: ipi inamfaa mtu wa bando la wiki?

DadaWaTabata: Wakuu, habari za jioni. Niko dukani Kariakoo, nafika nyumbani saa mbili usiku. Nataka kujifunza uhasibu, ada sina. Naona tovuti za Coursera, edX, Khan Academy na ya MIT, kile chuo kikuu cha Marekani. Waliopitia, nishike ipi?

FundiTakwimu: Dada, kwanza jiulize: unataka elimu au cheti? MIT OpenCourseWare, iliyotangazwa 2001, hujisajili wala hulipi. Unapakua notisi na mitihani ya nyuma, basi. Ila hakuna wa kukusahihishia. Coursera na edX, zote za 2012, zina mazoezi na tarehe za kukabidhi, lakini cheti unalipia, na kozi nyingi siku hizi hata mazoezi yenye alama yamefungwa kwa asiyelipa. Coursera wana fomu ya kuomba msaada wa ada, ijaze. Khan Academy ni bure kabisa na misingi ya uhasibu ipo. Mimi ningeanzia hapo.

BintiMbagala: Nimeacha kozi tatu, na nilikuwa na nia kwelikweli. Wiki ya kwanza unawaka moto, ya tatu bando linakata video ikiwa dakika ya sita na umeme nao umeshakwenda. Mwalimu anaongea Kiingereza cha mbio. Neno moja nililiandika daftarini mara nne kabla sijalielewa. Kilichoniokoa kozi ya nne ni kuachana na video. Chini yake mara nyingi kuna maandishi ya somo zima, ni mepesi mno kwa bando. Nilikuwa nayapakua kazini, nasoma kwenye daladala.

FundiTakwimu: Pole dada, na hauko peke yako. Watafiti waliangalia kozi za Harvard na MIT kwenye edX: mwaka 2017-18 waliomaliza ni kama 3 kwa kila 100. Kwa waliolipia cheti ni 46. Ukishatoa hela yako, huachi kirahisi.

MwalimuMstaafu: Wanangu, msichanganye huria na bure. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Ada ipo, lakini unasoma huku unafanya kazi, na shahada yake mwajiri haiulizi maswali. Cheti cha mtandaoni nimeona kijana akikiwasilisha kwenye usaili, kikarudishwa mezani bila kusomwa. Iliniuma, maana kazi alikuwa anaijua.

DadaWaTabata: Shikamoo mwalimu. Basi naanza na Khan Academy, nikiweza ada nitakuja Huria. Ila peke yangu naogopa kuishia wiki ya tatu.

BintiMbagala: Tusome wote. Jumapili saa tisa, tunapigiana, kila mtu na daftari lake. Nikikosa nitafute.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Mizania, ile hesabu ya mali na madeni, ikiwashinda, niulizeni hapahapa.