Mjadala: mtoto wa miaka minane afungwe kwenye mpira peke yake?

Kamalondo (mwenye mada): Wazazi wenzangu wa Lubumbashi, hapa kwetu mtoto akijua tu kupiga chenga anapelekwa shule ya mpira, na tangu siku hiyo basketi, mbio na judo ni mwiko. Mimi napinga. Mchezo mmoja ungoje miaka 15 au 16.

Najua ndoto inatoka wapi. Mwaka 2010 Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Nani asitamani mwanawe avae jezi ile? Lakini juzi, kando ya uwanja wa vumbi, nilimwona mtoto akipokonywa mpira, na kabla ya kuukimbilia akageuka kumtazama baba yake. Hamu yake imeshahama, iko usoni kwa baba. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwamba hamu hudumu mtu akiona amechagua mwenyewe, anaweza, na ana wenzake. Huyu hakuchagua. Akikalishwa benchi, na ile imani kwamba anaweza itaondoka.

Kocha, mtaa wa Katuba: Ndugu, mguu unafundishwa ukingali mdogo. Na hiyo basketi ataichezea wapi huku kwetu?

Kamalondo: Heshima yako, kocha. Mguu ufundishwe, sawa, lakini nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, pia inaufundisha, na haidai hata mpira! Wavulana waruke na dada zao. Mkongo mwenzetu Dikembe Mutombo alikuwa golikipa, basketi aliianza ujanani, na mwaka 1991 akawa wa nne kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya basketi ya Marekani. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2016 mtoto asibanwe na mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, tena apumzike siku moja au mbili kila wiki. Magoti na visigino vinavyokua vinachoka kwa mwendo uleule kila siku.

Mama, mtaa wa Kenya: Papa, mimi niko sokoni mpaka jioni. Akiwa kwa kocha najua aliko. Siku hizo za kupumzika utamlinda wewe?

Kamalondo: Mama, hapo umenigusa, na madaktari wale hawakukufikiria. Basi asiondolewe kwa kocha. Abaki palepale, na mara mbili kwa wiki mpira uwekwe kando: wakimbizane, waruke kamba, wachague wenyewe. Kocha wa Katuba, hilo unaliweza kuanzia wiki ijayo?