Kutambua hitilafu kiwandani: kanuni za mafundi, hesabu za mtambo au kompyuta ijifunze yenyewe?

Mhandisi_Sabuni
Wakuu, habari za leo. Nipo kiwanda cha sabuni, upande wa gliserini. Vakyumu (hali ya kunyonywa hewa) ya mtambo wetu wa kuvukizia maji inashuka ghafla usiku, joto linapanda, gliserini inaungua, na zamu nzima inahangaika kutafuta chanzo. Tumeruhusiwa kuweka programu ya kutambua hitilafu. Njia ni tatu: kuandika ujuzi wa mafundi kama kanuni za "kama hivi, basi vile", kutumia hesabu za mtambo wenyewe (kilichoingia dhidi ya kilichotoka), au kuiachia kompyuta ijifunze kwenye data. Tuanze na ipi?

ZamuYaUsiku
Kanuni. Za vakyumu nakuandikia sasa hivi. Kama imeshuka na maji yanayotoka kwenye kondensa (kipoza mvuke) ni ya moto kuliko kawaida, kagua pampu ya maji na mnara wa kupozea. Kama maji yako sawa ila presha ya mvuke wa ejekta (kifaa kinachonyonya hewa kwa nguvu ya mvuke) imeshuka, nenda boila. Vyote viko sawa? Hewa inaingia mahali: pakaza povu la sabuni kwenye flanji (maungio ya mabomba) na sili (vizibo vya kuzuia kuvuja), litanyonywa panapovuja.

Opereta akiuliza "umejuaje?", programu inamjibu kwa lugha yake. Saa nane za usiku hakuna anayefunga vali kwa sababu skrini imesema "uwezekano asilimia 87".

Kemia_Dada
Kaka, kanuni zako zinaiamini sensa (kifaa cha kupima), na sensa hudanganya. Texas City, Machi 2005: mnara wa kiwanda cha kusafisha mafuta ulijazwa kwa zaidi ya saa tatu bila kimiminika kutolewa chini, huku kipimo kikionyesha kina kinashuka taratibu. Watu 15 walikufa. Hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, ya kutoa na kujumlisha tu, ingeonyesha kwamba kipimo kile hakiwezi kuwa kweli.

Ndiyo maana napenda mfano wa FALCON, mfumo wa kutambua hitilafu wa miaka ya 1980 uliotengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha asidi ya adipiki (malighafi ya nailoni) cha kampuni ya DuPont, Texas. Kanuni zake zilisimama juu ya hesabu za mtambo. Kwako: kama mvuke uliotumika haulingani na maji yaliyovukizwa, shuku vipimo kabla hujamshuku fundi.

Takwimu_TZ
Msiitupe data jamani. Gamba (uchafu mgumu) linalojijenga ndani ya mirija wiki baada ya wiki halina kanuni inayoliona mapema. Mwelekeo wa data unaliona. Ila nikiri: matokeo mazuri mnayosoma mengi yanatoka Tennessee Eastman, mtambo wa kuigiza kwenye kompyuta uliochapishwa 1993. Mle hitilafu nyingi zimeshapewa jina. Mhandisi, kwenye daftari lenu la zamu mnaandika chanzo, au "tatizo limerekebishwa"?

Mhandisi_Sabuni
"Limerekebishwa". Kila ukurasa.

Takwimu_TZ
Basi kompyuta haina cha kujifunza kuhusu chanzo. Anzeni kuandika leo, tuzungumze mwakani.

Bwana_Vali
Mimi nakuonya jambo moja. Kwetu tulikuwa na kanuni nyingi na nzuri. Pampu ikabadilishwa, presha ya kawaida ikapanda, hakuna aliyezigusa kanuni. Programu ikalia kengele za uongo hadi opereta akazima spika. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, Julai 1994, waopereta walipata kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Usiwaongezee wenzako ya 276. Kila kanuni iwe na jina la mwenyewe, na mtu asibadilishe kifaa bila kumwita.

ZamuYaUsiku
Hapo umenena. Na kanuni usizitoe kwenye mwongozo wa mtambo. Kaa na anayeujua. Usimuulize "unafanyaje?", atakujibu kwa mkato. Muulize "usiku ule ulijuaje ni sili na siyo boila?" Hapo ndipo atakwambia kuhusu ile sauti ya kokoto ndani ya pampu.

Mhandisi_Sabuni
Tunaye mzee mmoja wa namna hiyo, anastaafu Juni. Nimeomba kuhamishiwa zamu yake. Naanza kesho saa nne usiku, na daftari jipya.